Miti mjini Moshi: maswali tunayoulizwa kila mara kitaluni

Haya ni maswali ambayo watu wanatuuliza wakija kununua miche au wakitupigia tuje tuangalie mti nyumbani kwao. Mengi yanatoka hapa Moshi mjini, Pasua, Majengo, Soweto, Shanty Town, Kiboriloni huko, ila na watu wa Arusha wanauliza pia kwahiyo pale ambapo majibu yanatofautiana tumesema. Swali lako kama halipo njoo uliulize tu.

Hivi mti mmoja mbele ya fremu yangu unanisaidia nini kweli?

Toka pale stendi saa nane mchana mwezi wa pili tembea mpaka uingie Shanty Town, utapata jibu bila mimi kuongea. Ni mji uleule, jua ni lilelile, ila huku juu kuna miti mikubwa imefunga barabara na kule chini kuna lami, bati na zege ambavyo vinakunywa joto mchana kutwa afu usiku vinalitema ndo maana watu wa maeneo yaliyobanana wanalala milango wazi. Mti unafanya mambo mawili kwa pamoja, kwanza kivuli, yaani lami haipati jua kabisa, pili unavuta maji chini na kuyatoa kama mvuke kupitia majani na ule mvuke unaondoka na joto. Turubai linakupa hicho cha kwanza tu.

Kwa mfanyabiashara ni rahisi zaidi, mteja anasimama kwenye kivuli hasimami juani. Angalia bodaboda na mama ntilie wanapojipanga, hakuna mtu amewaambia wakae pale.

Faida nyingine ni vumbi linalobaki kwenye majani badala ya kuingia dukani, na mvua. Sisi tuko chini ya mlima, maji ya masika yanashuka kwa kasi, na mti wenye majani mengi unapokea sehemu ya mvua juu na mizizi inaacha udongo una vitundu maji yanazama, badala ya yote kukimbilia kwenye mtaro ambao tayari umejaa chupa za plastiki. Ila tusidanganyane, mti mmoja hauzuii mafuriko wala hauzuii kelele za baa ya jirani. Kelele unahitaji ukuta.

Nipande mti gani?

Hili ndo linaulizwa kuliko yote na watu wanataka jina moja waondoke. Hatutoi jina kabla hujatujibu: una nafasi kiasi gani, juu kuna waya, na chini kuna nini (bomba la maji, karo, msingi wa nyumba). Watu wananunua mche wa futi moja wanausogeza ukutani kabisa kwasababu ni mdogo na unapendeza, wanasahau kwamba mkrismasi ukikomaa unaweza kutanua matawi kuliko sebule yako.

Kama una uwanja mdogo wa uswahilini na unataka kitu cha kula, chukua mparachichi wa kuunganishwa, mti wa limau, mstafeli, mpera. Mparachichi wa kuunganishwa unaweza kuanza kuzaa mwaka wa 3 au wa 4 na ukiupunguza mapema hauendi juu sana, ule wa mbegu unasubiri miaka mingi na unakuwa jitu. Usiupande mahali unapopaki gari, parachichi likitoka juu kwenye bonet utakuja kutulaumu.

Ukiwa na kiwanja kikubwa au ni shule, kanisa, msikiti, hospitali, hapo weka miti ya kweli. Mringaringa ni wa kwetu, una kivuli kizuri, maua meupe nyuki wanayapenda na mbao yake kila fundi anaijua. Mruka pia ni wa kwetu na wazee wa vihambani (mashamba ya nyumbani ya Wachaga) walikuwa wanauacha juu ya kahawa kwa sababu kivuli chake ni chepesi, jua linapenya kidogo. Mkangazi ni mkubwa na unaishi muda mrefu sana ila unahitaji nafasi usiuweke kwenye kiwanja cha 20 kwa 20. Mwarobaini unavumilia ukame vizuri, unafaa zaidi huku chini Pasua na Njoro kwenye joto.

Hapo ndo tofauti na Arusha inaingia. Moshi mjini tupo kwenye mita 800 na kitu mpaka 900 kutoka usawa wa bahari, Arusha ipo karibu 1,400. Mwembe unaobeba vizuri hapa ukiupeleka Sakina au Sekei utakua, utatoa majani mazuri, na maembe utaenda kununua sokoni. Parachichi kwa Arusha ndo penyewe.

Ile ashoki iliyosimama kama mkuki kila mtu anaipanda kwenye fensi sasa hivi, sawa, inapendeza kwa mwenye geti kubwa, ila usiniambie umepanda kivuli. Mgrevilea unakua haraka na kuni utapata, ulikuja kutoka Australia ukatumika sana kwenye mashamba ya kahawa, lakini matawi yake yanakatika kirahisi kwenye upepo kwahiyo usiwe juu ya paa. Mkaratusi mjini hapana. Unakunywa maji mengi, unarefuka kupita kiasi na unaangusha matawi, kwenye shamba la nguzo sawa, uani kwako hapana.

Na jakaranda?

Ni mgeni kutoka Amerika Kusini lakini ameshakuwa mwenyeji, mwezi wa 10 na wa 11 Moshi na Arusha zote zinageuka zambarau na watu wanasimamisha magari kupiga picha. Hauna neno kama una nafasi. Maua yakilowana yanateleza kwenye pevingi, na usiupande karibu na tenki la maji au gata maana vijani vyake vidogo vidogo vinaziba kila kitu.

Lini nipande na nichimbe shimo la aina gani?

Mvua ya masika ikishashika vizuri, mwishoni mwa mwezi wa 3 mpaka wa 4. Tarehe 1 Aprili ndo siku ya taifa ya kupanda miti, na kwa upande wetu huku imepangwa vizuri maana udongo umelowa. Vuli mwezi wa 11 unaweza pia, ila baada yake inakuja Januari na Februari ya jua kali kwahiyo ujiandae kumwagilia.

Shimo wengi wanalichimba refu jembamba kama la nguzo. Mizizi mingi ya mti haipo chini sana kama watu wanavyodhani, mingi ipo kwenye futi mbili za juu na inasambaa pembeni mpaka inapita mwisho wa matawi. Kwahiyo chimba shimo pana, mara mbili au tatu ya upana wa kiriba (ule mfuko wa plastiki wa mche), na kina kiwe sawa na urefu wa udongo uliopo kwenye kiriba, sio zaidi. Udongo wa mjini kwenye viwanja vingi umeshindiliwa na mafuso ya mchanga wakati wa ujenzi, umekuwa mgumu kama tofali, hapo tumia sululu ulegeze eneo pana pembeni.

Toa kiriba. Naandika hivi kwa sababu tumeshafukua miche iliyokufa tukakuta plastiki ipo palepale na mizizi imejizungusha ndani. Rudisha udongo uleule uliochimba, changanya na samadi iliyooza kiasi, samadi mbichi inaunguza. Ile sehemu shina linapoanza kutanuka kuwa mizizi iwe usawa wa ardhi, ukiifukia shina linaoza polepole na mti unakuja kufa baada ya miaka bila mtu kujua kwanini. Weka matandazo, majani makavu au maganda ya kahawa, unene wa kiganja hivi, yasiguse shina.

Mbona miche ya kampeni karibu yote inakufa?

Swali zuri na linauma. Kila mwaka tunaona magari yanakuja, fulana, picha, kiongozi kashika mche, miche mia kadhaa inaingia ardhini asubuhi moja, ukipita mwezi wa 9 unakuta vijiti. Mche haufi siku ile, unafia kiangazi. Mvua zinaisha mwezi wa 5, kutoka wa 6 mpaka wa 10 hakuna mvua ya maana na mizizi bado ipo kwenye kile kiduara kidogo cha kiriba haijafika kwenye unyevu. Ukiongezea mbuzi, mtu anayechoma majani, fundi anayemwaga mchanga juu yake, na mlinzi ambaye hajaambiwa kwamba kumwagilia ni kazi yake, imeisha.

Mtazamo wangu, na najua kuna watu hawaupendi, ni kwamba mji huu hauna shida ya kupanda. Tunapanda sana. Bajeti yote inaenda kwenye siku ya kwanza na hakuna hela ya lita za maji za kiangazi cha kwanza na cha pili. Mimi nikiombwa ushauri na shule au ofisi nawaambia pandeni miche 30 badala ya 300, kila mche uwe na jina la darasa au mtu, na kabla hamjaununua muwe mmeshajua maji yatatoka bomba gani na uzio utakuwa wa nini. Wengine wanakasirika maana 30 haipendezi kwenye ripoti. Na sisi tunauza miche, tungefurahi ununue 300, ila kuuona umekauka inatuharibia jina.

Nimwagilie kiasi gani?

Ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki kiangazi chote, polepole mpaka izame, ni bora kuliko kikombe kimoja kila jioni. Maji kidogo kidogo yanafanya mizizi ibaki juu. Maji ya kuoshea nguo yasiyo na jiki yanafaa. Fanya hivyo viangazi viwili vya mwanzo, baada ya hapo miti mingi inajitegemea.

Fundi anasema mti umekuwa mrefu, aukate kichwa. Nimruhusu?

Hapana, na nitaeleza kirefu maana hii ndo inaharibu miti mingi ya mji huu kuliko hata shoka.

Mtu anakuja na panga au chenso, anakata matawi yote makubwa katikati, unabaki na gogo lenye vidole. Wiki tatu baadae linachipua kwa fujo na mwenye mti anafurahi kwamba umekuwa mpya. Ukweli ni kwamba umekata karibu jiko lote la mti, majani ndo yanatengeneza chakula, kwahiyo unatumia akiba yake ya mwisho kujiokoa. Yale machipukizi yameota juu juu kwenye gome, hayajashikwa na mbao ya ndani kama tawi la kawaida. Wakati huohuo kile kidonda kikubwa cha juu hakifungi, maji yanaingia, unaoza kutokea juu kwenda ndani. Baada ya miaka michache una matawi mazito, marefu tena kama mwanzo, yamekaa juu ya mbao iliyooza. Yaani ulikata kwa kuogopa usianguke na umetengeneza wa kuanguka.

Kama mti ni mrefu kwa mahali ulipo, omba upunguzwe: matawi yaliyokufa, yanayosuguana, yanayoshuka kwenye paa, na yale marefu yakatwe kurudi mpaka kwenye tawi lingine hai la kutosha. Usitoe zaidi ya robo ya majani kwa mara moja. Na kama kweli hautoshi hapo basi afadhali uutoe wote upande unaotosha.

Tawi linakatwaje sasa?

Kwa tawi nene kuna mikato mitatu. Wa kwanza chini ya tawi, mbali kidogo na shina, usikate lote. Wa pili juu yake mbele kidogo, tawi linaanguka bila kuchuna gome la shina. Wa tatu unaondoa kile kisiki kilichobaki, na hapo angalia pale tawi linapoungana na shina kuna kitu kama kola kimevimba, kata nje ya hiyo kola, usiikate yenyewe na usiache kisiki kirefu. Hiyo kola ndo inayofunga kidonda. Rangi, lami, oili chafu usipake, haisaidii mti kupona.

Wakati mzuri ni kiangazi. Na aliyepanda juu afungwe kamba, tumeona watu wanasimama kwenye tawi lilelile wanalolikata, siongezei neno.

Matawi yamegusa waya wa umeme, nikate mwenyewe?

Usiguse. Wapigie TANESCO waje wenyewe au wazime laini. Tawi bichi linapitisha umeme, na ngazi ya chuma ndo usiseme. Ni kweli wakija wanakata bila huruma, wanachojali ni waya, ndo maana nasema chini ya waya panda vitu vifupi tangu mwanzo, mpera, limau, maua.

Mizizi inapasua ukuta na karo, ni kweli?

Mara nyingine ndiyo, hasa mikuyu na jamii yake na mkrismasi ambao mizizi yake inatambaa juu juu. Kwenye karo na mabomba mara nyingi ufa ulikuwepo kwanza, unyevu unavuja na mzizi unaufuata, kwahiyo ukikata mti bila kuziba ufa hujamaliza kitu. Kwa mti mkubwa kaa mita 6 mpaka 8 kutoka kwenye nyumba au karo, kwa mdogo mita 3 zinatosha.

Msingi ukishaguswa usikimbilie kukata mizizi minene ya upande mmoja, hiyo ndo nanga, mti unaweza kulala kwenye mvua ya kwanza. Na ule mtindo wa kumwaga zege mpaka kwenye shina uachwe. Acheni duara la udongo wazi angalau mita moja kila upande.

Mti wa jirani unaangusha majani na matawi kwangu, nifanyeje?

Ongea nae kwanza, jioni, bila panga mkononi. Huku kwetu mambo ya mpaka yana historia, wazee walipanda mmea wa masale kuonyesha mwisho wa shamba na sale hilohilo lilikuwa la kuombea msamaha, sijui mjini tumepotezea wapi. Ikishindikana nenda kwa mwenyekiti wa mtaa akae kama shahidi, mkubaliane nani analipa fundi. Kuumwagia chumvi au kubandua gome usiku ili ukauke, tafadhali usifanye, mti uliokauka ukiwa umesimama utaanguka na hauchagui upande.

Nahitaji kibali kukata mti kwenye kiwanja changu?

Anzia ofisi ya mtaa, watakuelekeza kwa afisa misitu au mazingira wa manispaa. Usikate kwanza ukauliza baadae, Sheria ya Misitu ya 2002 inalinda aina kadhaa za miti hata nje ya hifadhi, na ukitaka kusafirisha magogo, mbao au mkaa unatakiwa uwe na hati ya kusafirishia. Miti ya barabarani sio yako hata kama iko mbele ya geti lako, wenyewe ni manispaa, TARURA au TANROADS kutegemea na barabara.

Waliojenga karibu na mito, Karanga, Rau, Njoro: sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Ile miti ya kingo iacheni. Ikiondoka mto unakula kiwanja chako taratibu, halafu watu wanasema mto umehama.

Kuchoma taka chini ya mti, kugongelea mabango, kupaka chokaa, vina shida?

Moto ndo mbaya zaidi. Chakula cha mti kinashuka kupitia ngozi nyembamba chini ya gome, ukiichoma kuzunguka shina lote mizizi inakufa kwa njaa, inaweza kuchukua miaka. Misumari ya mabango ya waganga na vyumba vya kupanga haiui mti mkubwa siku hiyo ila kila tundu ni mlango wa wadudu na kuoza, na inaumiza chenso ya mtu huko mbele. Chokaa haina madhara makubwa, haina faida kubwa pia, inapendeza tu bendera ikipandishwa.

Miti si inaleta mbu na nyoka?

Mbu wanazaliana kwenye maji yaliyosimama, tairi, kopo, mtaro ulioziba, ndoo isiyofunikwa. Wanapumzika kwenye vichaka kweli, lakini mti wenye shina safi na uwanja uliofagiwa sio kichaka. Nyoka anafuata panya, panya anafuata taka. Kata majani marefu chini, zoa taka, mti uache.

Nitajuaje mti umekuwa hatari?

Uyoga unaoota kwenye shina au chini yake, tundu linalotoa unga, ufa pale matawi mawili makubwa yanapoachana, matawi makavu juu, na hasa mti ulioanza kuinama ghafla huku udongo umeinuka upande mmoja. Huo wa mwisho usisubiri Jumatatu, ondoa watu chini yake leo. Ukiangukia nyumba au mtu piga 114, Zimamoto na Uokoaji. Mti ulioinama tangu udogo wake na haujabadilika mara nyingi hauna shida.

Wapi nikaone miti ya asili ya huku kabla sijachagua?

Msitu wa Rau, upo pembeni ya mji kabisa na wengi waliozaliwa hapa hawajawahi kuingia. Kuna mivule mikubwa na kuna msoo, mti unaopatikana sehemu chache sana duniani. Ardhi ya pale ina chemchemi, na mto Rau unaopita huko ndo unaendelea kumwagilia mpunga wa Lower Moshi, kwahiyo wali wako una undugu na huo msitu. Ukiwa na muda panda Shimbwe Juu ukaone vihamba, FAO waliviweka kwenye orodha ya urithi wa kilimo duniani mwaka 2011, utaona miti mikubwa juu, migomba katikati, kahawa na magimbi chini, kwenye eneo ambalo mjini mtu angeshindilia fremu nne. Na mti mrefu kuliko yote uliowahi kupimwa Afrika uko kwenye bonde moja la mlima huuhuu, mkukusu wa mita 81.5.

Miche nachukua wapi na naikaguaje?

TFS, wakala wa serikali wa misitu, wana vitalu, na wakati wa masika wakati mwingine wanagawa, ulizia ofisi zao. Vitalu binafsi vipo vingi barabarani. Usichukue mche mrefu kuliko wote, chukua wenye shina nene lililosimama lenyewe bila kijiti. Chungulia chini ya kiriba, kama mzizi mnene umetoka na kuingia ardhini maana yake umekaa hapo muda mrefu na utakatwa ukinyanyuliwa. Muombe muuzaji apasue kiriba kimoja uone mizizi, ikiwa imejizungusha kama kamba omba punguzo au nenda kitalu kingine, hata kama kitalu chenyewe ni chetu.